Kubadili Njia za Reli za Mikoani Kuwa Geji Sanifu: Vipimo, Vifaa na Mpangilio wa Kazi

Kusogeza reli mbili mpaka ziachane milimita 1,435, yaani geji sanifu, ni kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kama maandalizi yamekamilika, genge la njia hulegeza vifungo, husukuma reli, hufunga tena na kusonga mbele. Miradi hukwama kwingine: daraja ambalo vyuma vyake vikuu havikai chini ya reli mpya, tuta jembamba, swichi (mitambo ya kuhamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine) ambazo bado ziko melini, kona ambayo reli yake ya nje imegeuka fupi usiku wa manane. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kinachofanyika njia ikiwa bado inapitisha treni.

Unatoka geji gani?

Geji hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli, milimita 14 chini ya sehemu inayokanyagwa na gurudumu (baadhi ya mashirika hutumia 16). Reli zote mbili zikisogezwa kwa usawa, kila moja huhama nusu ya tofauti. Kutoka geji ya mita, yaani milimita 1,000, kila reli huhama milimita 217.5 kwenda nje. Kutoka 1,067 ni milimita 184. Kwa geji pana mwendo ni wa kuingia ndani: 82.5 kutoka 1,600, na 116.5 kutoka 1,668. Andika namba hiyo juu ya kila mchoro, kwa sababu utaikuta kwenye madaraja, majukwaa, swichi na hata urefu wa reli.

Kutoka geji pana kuja sanifu ni nafuu. Mataruma (vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli) ni marefu tayari, tuta lina upana wa kutosha, madaraja yana nafasi. Kusini mwa Marekani, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1886, maili zipatazo 11,500 zilibadilishwa kutoka futi 5 kuwa futi 4 na inchi 9 kwa kusogeza reli moja tu inchi 3. Wasimamizi wa kazi ile walikuwa wameshapigilia misumari ya upande wa ndani mahali papya, siku nyingi kabla. Siku yenyewe ilibaki kung'oa misumari ya zamani, kusukuma reli hadi igote kwenye ile mipya, na kupigilia ya nje. Uingereza, mwishoni mwa wiki moja ya Mei 1892, wafanyakazi zaidi ya 4,000 walimaliza kilomita za mwisho za geji pana ya Great Western Railway magharibi mwa Exeter kwa mtindo huohuo wa kuandaa mapema.

Kutoka geji nyembamba ni habari nyingine. Taruma la geji ya mita huwa na urefu wa mita 1.8 hadi 2. Kwenye geji sanifu, umbali kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine ni takriban milimita 1,500. Taruma la mita 2 litabakiwa na sentimita 25 tu nje ya kila reli, na la mita 1.8 sentimita 15. Hapo taruma halina sehemu ya kulalia kokoto. Ncha zitazama, na katikati patabinuka. Kwa hiyo mataruma yote lazima yabadilishwe, na mataruma ya chuma yaliyobonyezwa kiwandani kwa geji moja hayafai kurekebishwa hata kidogo. Ukisikia mtu anapanga kutumia tena mataruma ya geji ya mita "kwa muda", mwombe akuonyeshe hesabu ya mzigo kwenye kokoto.

Kuna njia ambazo hazistahili kubadilishwa. Kama asilimia kubwa ya kona zina nusu-kipenyo chini ya mita 250, geji mpya haitakupa mwendo wowote wa ziada. Utalipia kila kitu na treni itaendelea kutambaa. Kenya na Tanzania zilipotaka geji sanifu zilijenga njia mpya kando ya ile ya mita, kwa sababu kona na mipando ya njia ya zamani haiwezi kubeba treni zilizosanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa kama za Tanzania. Kubadili hufaa pale ambapo mwendo si hoja kuu: unataka treni ya kutoka njia kuu iingie mkoani bila kuhamisha abiria au mizigo.

Upimaji

Gari la kupimia likipatikana, vizuri. Lisipopatikana, uzi wa mita 20 na rula vinatosha kujua kona zako. Tandaza uzi ncha mbili zikigusa uso wa ndani wa reli ya nje, kisha pima umbali wa katikati ya uzi hadi kwenye reli. Gawanya 50,000 kwa milimita ulizopata, jibu ni nusu-kipenyo kwa mita: milimita 100 ni kona ya mita 500, milimita 200 ni kona ya mita 250. Rudia kila mita 10. Vipimo vikipanda na kushuka ndani ya kona moja, kona hiyo imeharibika, na utainyoosha kwenye usanifu mpya badala ya kuihamisha ilivyo.

Pamoja na kona, andika kwa kila kilomita: upana wa juu wa tuta, kina cha kokoto safi (chimba shimo dogo kati ya mataruma, usikisie), aina na uzito wa reli, umbali wa kila nguzo, ukuta, jukwaa na mwamba kutoka katikati ya njia, na kimo cha kila kitu kinachopita juu. Reli zenye uzito wa kilo 30 kwa mita au chini usizihamishe, zitauzwa chakavu. Njia inayotarajia ekseli za tani 22.5 na kuendelea hupewa reli za kilo 54 au 60.

Usisahau kwamba gari la geji sanifu kwa kawaida ni pana na refu zaidi. Kwenye kona sehemu ya katikati ya behewa huingia ndani ya kona. Kiasi chake ni mraba wa umbali kati ya bogi (fremu zenye magurudumu chini ya behewa) ukigawanywa kwa mara nane ya nusu-kipenyo: behewa lenye mita 17 kati ya bogi, kwenye kona ya mita 300, huingia sentimita 12. Ongeza upana wa ziada wa bodi, ongeza kuyumba, ndipo ujue kama ule ukuta wa mawe kwenye stesheni unabaki au unabomolewa.

Unaweza pia kukataa kupanua nafasi. Japani ilibadili geji ya njia za kwenda Yamagata (1992) na Akita (1997) kutoka 1,067 hadi 1,435 bila kugusa mahandaki na majukwaa mengi, kisha ikaunda treni nyembamba: upana wa mita 2.945, wakati treni za kawaida za Shinkansen, yaani treni za kasi za Japani, zina mita 3.38. Kwenye stesheni za njia za kawaida za Shinkansen, ngazi ndogo hutoka mlangoni kuziba pengo. Mwendo kwenye sehemu zilizobadilishwa ni hadi kilomita 130 kwa saa. Uamuzi wa namna hiyo huokoa gharama nyingi, mradi ufanywe kabla ya kuagiza mabehewa.

Kona: mwinuko wa reli ya nje hubadilika pia

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa hesabu inaonekana ileile. Mwinuko wa reli ya nje unaosawazisha treni, kwa milimita, ni 11.8 × V² ÷ R kwenye geji sanifu, ambapo V ni kilomita kwa saa na R ni mita. Kwenye geji ya mita namba ya mbele ni takriban 8.4. Chukua kona ya mita 500 na mwendo wa 70: geji ya mita inahitaji milimita 82, geji sanifu milimita 116. Mwendo ni uleule na kona ni ileile, lakini reli ya nje inapanda karibu sentimita tatu na nusu zaidi.

Mwinuko huo lazima upatikane taratibu kwenye sehemu ya kuingilia kona. Kwa kupanda 1 kwa 600, milimita 82 zinahitaji mita 49, na milimita 116 zinahitaji karibu mita 70. Sehemu ya kuingilia ikirefuka, kona yenyewe husogea ndani: kutoka sentimita 20 hadi 40 kwa mfano huu. Sentimita hizo 20 za ziada ndizo zinazotoa njia nje ya tuta, au kuipeleka upande mmoja wa daraja. Pitia kila kona iliyo mita 100 au karibu zaidi na daraja kabla ya jambo lingine lolote.

Tamaa ya kuongeza mwendo nayo ina bei yake. Kwenye kona hiyohiyo, treni ya kilomita 100 kwa saa inahitaji milimita 236 za kusawazisha. Ukiweka 150 unabakiwa na upungufu wa 86, ambao abiria huuvumilia. Lakini treni ya mizigo ya kilomita 50 kwa saa ilihitaji 59 tu. Italala kwenye reli ya ndani na kuisaga. Njia ya mikoani yenye mizigo mingi na abiria wachache ipewe mwinuko mdogo.

Tuta na kokoto

Taruma la zege la mita 2.6, likiwa na bega la kokoto la sentimita 35 kila upande na kina cha sentimita 30 chini yake, huhitaji kitako cha kokoto cha karibu mita 4.8. Ongeza njia ya miguu na ya maji pembeni, utahitaji tuta la mita 6 au zaidi. Matuta mengi ya geji ya mita hayafikii hapo.

Kupanua tuta si kumwaga udongo ubavuni. Kata kwanza ngazi kwenye mteremko wa zamani, kila moja ikiwa na kina cha nusu mita hivi, ndipo ujaze kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka likishindiliwa na kupimwa. Udongo uliomwagwa bila ngazi hushikana na wa zamani kwa msuguano wa juujuu tu. Mvua ya kwanza kubwa hupenya kwenye mshono, na ufa mrefu hujitokeza sambamba na reli, kwa kawaida hapohapo ncha za mataruma mapya zilipo. Urefu wa makalavati nao uongezwe kabla ya tuta, la sivyo midomo yake itafukiwa.

Tatizo jingine halionekani kwa macho. Kwa miaka mingi treni za geji nyembamba zimeshindilia kokoto kwenye mistari miwili, takriban sentimita 53 kila upande wa katikati. Reli mpya zitakaa sentimita 75 kutoka katikati. Ukilaza taruma jipya juu ya kitanda hicho bila kukigusa, litakaa juu ya mgongo mgumu huku ncha zake, zinapobeba mzigo, zikiwa juu ya kokoto laini. Taruma la zege hupasuka kuanzia juu, katikati, ndani ya miezi. Kwa hiyo kwaruza na kutifua kitanda cha zamani hadi sentimita 15 au 20, chekecha uchafu, ndipo ulaze. Wakati wa kushindilia, shindilia chini ya reli, sentimita 40 hivi kila upande wa reli, na katikati pa taruma paachwe pamelegea.

Mahitaji kwa kilomita moja ya njia

Kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mataruma na reli za kilo 60:

- mataruma 1,667, ambayo kwa kilo 300 kila moja ni tani 500
- reli tani 120, yaani vipande 80 vya mita 25
- klipu 6,668 na vizuizi vya umeme vya idadi hiyohiyo. Raba za chini ya reli 3,334
- kokoto mita za ujazo 1,860 kwa hesabu ya umbo, hivyo agiza 2,100, maana hushuka ikishindiliwa

Ongeza asilimia 2 hadi 3 kwa klipu na raba. Reli iagizwe kamili pamoja na vipande vya kona, ambavyo nitavieleza hapa chini. Kabla ya kupokea mataruma, chukua machache kutoka kila shehena, funga vipande vya reli na upime geji. Kiwanda kikikosea milimita 4 kwenye kalibu, kosa hilo litalala kilomita nzima, na hakuna mashine ya njia itakayolirekebisha.

Madaraja

Daraja la chuma lisilo na kokoto ndilo la kuchunguza kwanza. Mbao zake hulala juu ya vyuma vikuu viwili, na reli hukaa juu ya mbao. Pima umbali kati ya vyuma hivyo, katikati hadi katikati. Ukiwa mita 1.5, reli mpya zitakaa juu yake moja kwa moja. Ukiwa mita 1.2, kila reli itaning'inia sentimita 15 nje, na ubao utakuwa unabeba kwa ncha. Hapo unaongeza vyuma vya pembeni au unabadilisha sehemu yote ya juu.

Wapo wanaopenda kusogeza reli moja tu ili kuokoa muda. Kwenye tuta inawezekana. Kwenye daraja, katikati ya njia huhama milimita 217.5 kutoka katikati ya daraja, na kama vyuma vikuu viko mita 1.8, kimoja kitabeba asilimia 62 ya treni na kingine 38. Chuma kilichosanifiwa kwa nusu kimeongezewa mzigo kwa karibu robo, kabla hata hujaanza kuzungumzia ekseli nzito zaidi. Sogeza zote mbili.

Daraja lenye kokoto ni rahisi zaidi, lakini angalia kuta zake za pembeni: taruma la mita 2.6 linahitaji angalau sentimita 30 za kokoto kila ncha, na mashine ya kushindilia inahitaji kupita.

Kwenye mahandaki ni aghalabu kukosa kimo kuliko upana. Kuchimba sakafu chini ni nafuu kuliko kukwangua dari, ila jihadhari na misingi ya kuta. Chimba kwa vipande vifupi vya mita chache, ukiimarisha kila kimoja kabla ya kinachofuata.

Mataruma ya geji mbili: kazi ya kufanya treni zikipita

Njia bora ya kufupisha muda wa kufunga ni kulaza mapema mataruma yenye nafasi za vifungo vya geji zote mbili. Hispania imeyatumia sana kwa 1,668 na 1,435. Unabadilisha taruma moja moja au machache kwa wakati, reli zikiwa bado kwenye geji ya zamani, na treni zinaendelea kwa mwendo uliopunguzwa. Siku ya kubadili unahamisha reli na klipu tu.

Kampuni ya Kintetsu ya Japani ilikuwa na maandalizi ya aina hiyo kwenye njia yake ya Nagoya. Kimbunga kikubwa cha Septemba 1959 kilipoikata njia, haikurudisha geji ya 1,067. Ilileta mbele kazi iliyopangwa kufanyika mwaka uliofuata, na Novemba hiyohiyo ikamaliza kubadili njia kwa siku tisa.

Fuata utaratibu huu: usibadilishe mataruma yanayopakana kwa siku moja, ruka matatu au manne, shindilia yale mapya, acha treni zipite, ndipo urudi kwa yanayofuata. Nafasi za vifungo zisizotumika zibe kwa plagi za plastiki, vinginevyo mchanga na maji vitajaa, na siku ya kazi mtakuwa mnachokonoa matundu kwa bisibisi badala ya kufunga klipu.

Reli ya tatu

Kama geji ya zamani lazima iendelee kwa miaka kadhaa, ongeza reli ya tatu. Inawezekana tu tofauti ikitosha kitako cha reli na kifungo chake. Kitako cha reli ya kilo 60 kina milimita 150. Kwa tofauti ya 435 au 368 hakuna shida. Kwa 1,600 tofauti ni 165: vitako viwili vinaachana milimita 15 tu, hivyo unahitaji vifungo maalumu na reli nyepesi zaidi. Kwa 1,520 tofauti ni 85, na reli ya tatu haiingii kabisa. Ni reli nne, au basi.

Weka reli ya pamoja upande wa jukwaa ili pengo lisitofautiane sana kwa treni za geji hizo mbili. Kumbuka pia kwamba reli hiyo hubeba treni zote, hivyo huliwa haraka. Ikishuka milimita chache kuliko mwenzake, njia nzima huinama, na mtu atahangaika kushindilia kokoto wakati tatizo ni chuma kilicholika. Kwenye swichi, reli ya tatu huzidisha idadi ya makutano, yaani mahali reli zinapokatana. Punguza swichi za namna hiyo hadi zile usizoweza kuishi bila.

Swichi na ishara

Swichi haipanuliwi. Urefu wake, pembe ya makutano yake na nafasi ya reli za ulinzi (zinazoongoza gurudumu lipite makutano salama) vyote vimekokotolewa kwa geji moja. Agiza mpya, ziunganishe kando ya njia juu ya mataruma yake, zipime zote, kisha ziingizwe kwa kreni. Ndizo zinazochelewa kuliko kitu kingine, kwa hiyo ziwe agizo la kwanza kutoka ofisini. Ukipima, zingatia umbali wa reli ya ulinzi na ncha ya makutano kuliko geji yenyewe: magurudumu ya geji sanifu yana milimita 1,360 kati ya nyuso zake za ndani, na nafasi ikikosewa ukingo wa gurudumu hugonga ncha.

Kwa ishara, vihisi vya kuhesabu ekseli vilivyofungwa kwenye reli vitahama nayo na vitahitaji kurekebishwa upya. Saketi za reli, yaani umeme unaopitishwa kwenye reli kugundua treni, hudai vizuizi vya umeme visivyopasuka. Kimoja tu kikikosekana kwenye taruma la zege, taa ya sehemu nzima inaweza kubaki nyekundu.

Siku za kubadili

Amua kwanza kama unafunga njia yote au kipande kwa kipande. Vipande vinavutia kwenye karatasi, lakini kila kipande kinahitaji stesheni ya muda ya kuhamishia abiria na mizigo, yenye njia za geji mbili, na stesheni hiyo inahama kila mara. Kwa njia ya mikoani yenye barabara sambamba, funga yote na weka mabasi. Njia ya Tazawako, kati ya Morioka na Omagari kuelekea Akita, ilifungwa karibu mwaka mzima kuanzia Machi 1996 kwa sababu mataruma na njia vilibadilishwa wakati huohuo. Ukiwa na mataruma ya geji mbili, mwaka huo unageuka siku.

Usikisie kasi ya genge. Tenga mita 200 kwenye njia ya pembeni, zenye kona ndani yake, na ufanye kazi nzima: kufungua, kukata, kusukuma, kufunga, kupima. Rudia usiku kwa taa. Kasi ya usiku ndiyo uitumie kwenye ratiba.

Sasa zile reli za kona. Reli ya nje ikisogezwa nje inafuata duara kubwa zaidi, hivyo haitoshi. Ya ndani inazidi. Kiasi ni umbali wa kuhama mara pembe ya kona kwa radiani. Kwa milimita 217.5 na kona inayogeuza njia digrii 30, reli ya nje itapungua milimita 114, na ya ndani itazidi kiasi hichohicho. Kwa digrii 90 ni milimita 342. Kwa kila kona kata mapema kipande cha reli cha mita 6 au zaidi chenye nyongeza hiyo, kipake rangi namba ya kona, kiweke kwenye bega la kokoto mahali pake. Kipande kifupi cha sentimita 11 hakiungiki popote. Lazima utoe kirefu uweke kirefu zaidi.

Kwa genge, mpangilio unaofaa ni huu: wa kwanza hufungua klipu za reli moja kwa umbali wa mita 50, wa pili huinua reli kidogo kwa jeki na kuisukuma kwa mitaimbo, wa tatu huweka raba na kufunga taruma moja kati ya manne, mpimaji hupita na fimbo ya geji, na wa mwisho hufunga yaliyobaki. Reli ya kwanza ifungwe kwa kufuata vigingi vya usanifu. Ya pili ifuate geji. Ukifunga zote kwa kukadiria, geji itakuwa sahihi na njia itakuwa nyoka.

Andika joto la reli wakati wa kufunga. Kilomita moja ya reli hurefuka milimita 11.5 kwa kila digrii ya Selsiasi. Ikiwa imefungwa haiwezi kurefuka, basi hukaza: reli ya kilo 60 iliyopanda digrii 30 juu ya joto la kufungwa inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 56. Kokoto mpya iliyolegea haishiki nguvu hiyo, na njia huchomoka kwa upande kwenye kona, alasiri. Reli zilizofungwa usiku wa baridi lazima zifunguliwe tena, zivutwe au zipashwe joto hadi kiwango kilichowekwa, ndipo zilehemiwe kwa kudumu.

Mabehewa

Hakikisha kila gari la geji ya zamani limeondoka kabla ya kufunga, au linajulikana litakaa wapi. Mwaka 1892 Great Western ililaza maili kama 15 za njia za kuegeshea huko Swindon kwa ajili hiyo tu. Mabehewa ya bogi hubadilishwa kwa kuinuliwa na kuwekewa bogi mpya, ila kagua urefu wa viunganishi na aina ya breki. Behewa la breki za vakiumu likiwekewa bogi mpya bado haliwezi kuungwa na treni ya breki za hewa.

Kupima na kufungua

Pima geji kila mita 5 kwenye sehemu nyoofu, kila mita 2 kwenye kona, na kila sehemu iliyoainishwa kwenye swichi. Lenga 1,435 na tofauti isiyozidi milimita 2 au 3 kwa njia mpya. Kanuni za Ulaya kwa mwendo wa chini huchukulia 1,470 kuwa ukomo wa hatari. Njia iliyotoka kazini ikiwa 1,445 tayari ina kosa la kutafutwa. Kagua viungo vyote vya kulehemu kwa mawimbi ya sauti.

Kisha pitisha kitoroli chenye fremu ya mbao yenye umbo la gari kubwa kuliko yote, kingo zake zikiwa na povu laini. Povu likikwaruzwa, kitu kiko karibu mno. Fanya hivyo baada ya kushindilia kokoto mara ya mwisho, maana mashine inainua njia, na jukwaa lililopita mtihani jana linaweza kufeli leo.

Treni ya kwanza iwe injini peke yake kwa kilomita 20 kwa saa, kisha treni yenye mizigo, kisha mwendo upande kwa hatua. Kizuizi cha mwendo kibaki mpaka njia ipitishe takriban tani 100,000, au mpaka mashine ya kutetemesha na kutuliza kokoto ipite. Baada ya hapo shindilia tena, ukianzia kwenye midomo ya madaraja: daraja halishuki, tuta jipya linashuka, na mshtuko wa gurudumu kwenye kidato hicho huvunja mataruma ya kwanza matatu au manne. Yakague kila wiki katika msimu wa kwanza wa mvua.